Mezani na Wasomaji: Vifuko vya Supu, Tambi na Wenzake

Barua za mwezi huu zimefika kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote linauliza jambo moja: xiaolongbao, vile vifuko vidogo vya unga vya Shanghai vinavyoivishwa kwa mvuke, ndani vikiwa na nyama na supu ya moto. Hutamkwa takriban "shiao-long-bao". Xiaolong ni kile kikapu kidogo cha mianzi vinamopikiwa. Tumeanza na barua hizo, kisha tambi, momo (vifuko vya Nepali), na chai yenye punje.

Shikamooni. Niko Toronto masomoni. Wenzangu walinipeleka kula vifuko vya supu, nikatia kimoja kizima mdomoni kama ninavyofanya na kachori. Kaakaa limebabuka na shati limeingia mafuta. Hivi vinaliwaje?
*Mwanafunzi, Toronto*

Marahaba, na pole. Kachori ndiyo iliyokuponza. Ndani ya kachori mna kiazi, na kiazi hakimwagiki. Ndani ya xiaolongbao mna kimiminiko kilichotoka kwenye mvuke unaochemka, kimefungiwa pande zote, na juu yake mna tabaka la mafuta linalozuia joto lisitoke. Ngozi ya nje hupoa upesi ikakudanganya.

Kikapu kikifika, ondoa kifuniko uache vipumue dakika moja, moja na nusu. Huo ndio muda wa kuchanganya kitoweleo: siki nyeusi vijiko 3 kwa kijiko 1 cha sosi ya soya, na tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Siki yenyewe ni ile ya Zhenjiang, hutengenezwa kwa mchele wa kunata, na ukali wake una utamu kwa mbali. Ukiletewa siki nyeupe ya dukani ujue jiko limebana matumizi.

Sasa nyanyua. Shika kwa vijiti pale juu kwenye fundo, marinda yote yanapokutana, kwa sababu hapo unga ni mzito kuliko kwingine. Ukishika kiunoni, ncha za vijiti zitatoboa. Kikiwa kimeganda kwenye karatasi usikivute kwenda juu. Kitikise pole upande huu na huu mpaka kitako kiachie. Mkono wa pili uwe na kijiko cha kauri kikapuni pale pale, si kwenye sahani yako, ili safari ya hewani iwe fupi.

Kikishakaa kijikoni, ng'ata tundu dogo ubavuni, juu kidogo ya katikati, ukubwa wa punje ya kunde. Mvuke utoke. Hesabu hadi kumi bila haraka, halafu fyonza. Supu ikishapungua, weka nyuzi mbili tatu za tangawizi na tone la siki kupitia tundu hilo hilo, kisha kula kilichobaki kwa matonge mawili, au moja kama kimepoa.

Wanaokosea hukosea sehemu tatu. Tundu hutobolewa chini, supu yote ikaishia kijikoni kwa mpigo na kuunguza midomo. Au kifuko hutumbukizwa chote kwenye siki kikiwa tayari kina mpasuko, kikatoka na ladha ya siki tupu. Au mtu husubiri mno kwa woga, na hapo supu hunywewa na unga. Nyumba nyingine hufundisha kuchovya kwanza ndipo uweke kijikoni. Si kosa, mradi ngozi iwe nzima. Sisi twapenda cha kwanza kiliwe bila siki kabisa, ili ulimi uijue supu ya nyumba hiyo kabla ya kuivisha nguo.

Mimi na mume wangu tunabishana. Mimi nasema supu hudungwa kwa sindano baada ya kufunga, yeye anasema haiwezekani. Nani ameshinda?
*Mama wa Moshi*

Mzee ameshinda, mama, ila jibu lenyewe umelipika mwenyewe mara nyingi. Ukiacha supu ya makongoro kwenye friji usiku kucha, asubuhi unaikuta imeganda inatetemeka, unaweza kuikata kwa kisu. Ukiiweka motoni dakika mbili inarudi kuwa supu. Hiyo ndiyo siri yote. Ngozi, kano na mifupa ikichemshwa polepole kwa saa nyingi hutoa jelatini; jelatini ikiwa baridi hushikana, ikipata joto la kadiri ya mwili wa binadamu huyeyuka. Shanghai hutumia ngozi ya nguruwe. Miguu ya kuku hufanya kazi ile ile.

Ukitaka kujaribu: miguu ya kuku kilo 1, kucha zimekatwa na ngozi ya juu imebanduliwa, maji lita 2, kipande cha tangawizi na majani ya kitunguu. Moto mdogo, saa tatu hivi, mpaka ibaki karibu lita 1. Chuja, weka friji usiku mmoja. Ikishaganda ikatekate ndogo kama punje za mahindi, changanya na nyama ya kusaga: nyama sehemu 2, jeli sehemu 1. Wapishi hodari hufika nusu kwa nusu, lakini usianzie huko, maana mchanganyiko huo ni laini sana na ukichelewa kukunja utakuponyoka.

Adui wako ni joto la jiko. Jeli ikianza kuyeyuka kabla ya kufunga, unga unalowa, unang'ang'ania vidole, na marinda hayafungi. Mahali penye joto toa mchanganyiko kidogo kidogo, wa vifuko kumi kwa zamu, mwingine ubaki friji. Kusukuma nako si kama chapati: pembeni pawe pembamba kuliko katikati. Sababu ni kwamba pembeni ndipo patakapokutana juu na kuwa fundo, na pakiwa panene toka mwanzo fundo litakuwa donge bichi.

Marinda ni mangapi? Din Tai Fung ya Taipei, ambayo mwaka 1958 ilianza kama duka la mafuta ya kupikia na ikaingia kwenye vifuko hivi mwaka 1972, imejitangaza kwa marinda 18, unga gramu 5 na nyama gramu 16, jumla gramu 21. Mizani hiyo ina maana zaidi ya sifa. Vifuko kumi vya uzito mmoja huiva kwa wakati mmoja. Vikitofautiana, viwili vitapasuka wakati vingine vingali vibichi. Kwako nyumbani marinda 12 yaliyofunga vizuri ni bora kuliko 18 yanayovuja.

Assalaamu alaykum. Naenda Guangzhou kisha Yiwu kufuata mzigo, mara yangu ya kwanza. Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, na hivi vifuko vya supu nitavipata vya halali?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Wa alaykum salaam. Hukumu waulize mashekhe. Sisi tunaweza kukueleza kilichomo chunguni.

Xiaolongbao ya kawaida ni nguruwe mara mbili: nyama yake na ngozi iliyotoa supu. Mara nyingi huongezwa na pombe ya mchele kwenye nyama. Jihadhari na ile ya kaa, maarufu zaidi msimu wa vuli kaa wanaponona. Jina ni la kaa, na kaa yumo kweli, lakini huchanganywa na nyama ya nguruwe ile ile. Wengi hunaswa hapo. Kamba nao vivyo hivyo. Har gow, vile vifuko vyeupe vya kamba vinavyoonekana safi kwa macho, kwa desturi hutiwa mafuta ya nguruwe kidogo ili vilainike. Tambi za wantani (vifuko vidogo vya kwenye supu) za Guangzhou huwa na kamba pamoja na nguruwe, na supu yake ni ya mifupa ya nguruwe na samaki mkavu. Hata keki ya figili ya kukaanga huwa na vipande vya soseji.

Kitu cha kukariri ni alama mbili: 清真. Husomwa "qingzhen", na ndivyo Wachina Waislamu wanavyoita chakula chao. Utaiona juu ya mlango, mara nyingi kwa rangi ya kijani na neno halali kwa Kiarabu pembeni. Kwenye menyu jifunze pia hizi: 牛 ng'ombe, 羊 mbuzi au kondoo, 鸡 kuku, 猪 nguruwe. Na hapa pana mtego: neno 肉, nyama, likikaa peke yake bila mnyama mbele yake, huwa ni nguruwe. "Baozi ya nyama", yaani andazi la mvuke lenye nyama ndani, ni ya nguruwe, hakuna haja ya kuuliza. Alama 素 ni chakula kisicho na nyama, lakini kwenye mgahawa wa kawaida sufuria huwa ni lile lile. Sema "wo bu chi zhurou", sili nguruwe, na useme kabla ya kuagiza, si sahani ikiwa mezani.

Guangzhou nenda mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wafanyabiashara wamezoea kushukia miaka mingi; migahawa ya Kiarabu, Kituruki na ya Wauyghur iko karibu karibu. Yiwu nayo ina mingi kwa ajili ya wanunuzi wa soko. Lakini kula shawarma China ni kama kwenda Tanga ukale pizza. Tafuta duka la tambi za Lanzhou. Yako karibu kila mji, mengi yanaendeshwa na Waislamu wa Gansu na Qinghai, bei yake ni ya mtu wa kawaida, na mpishi anavuta tambi mbele yako kwa mikono: donge linakunjwa mara mbili, linavutwa, linakunjwa tena, kila mkunjo ukizidisha nyuzi maradufu. Utaulizwa unene. "Maoxi" ni nyuzi kama unywele, hulainika upesi mno kwa mlaji wa polepole. "Erxi" ni za wastani, agiza hizo mara ya kwanza. "Jiuye" ni bapa, "dakuan" ni pana kama mkanda.

Bakuli likija likague kwa msemo wao wenyewe: moja safi, mbili nyeupe, tatu nyekundu, nne kijani, tano njano. Supu iwe safi hata uone chini. Figili ziwe nyeupe. Mafuta ya pilipili mekundu. Majani ya giligilani na kitunguu saumu ya kijani. Tambi zenye umanjano. Usipotaka pilipili, "bu yao la". Usipotaka giligilani, "bu yao xiangcai". Nyama huwa kidogo, vipande vyembamba tu. Ukitaka zaidi huagizwa na kulipiwa kando, usione umedhulumiwa.

Na vifuko vya supu vya halali vipo, ila kwao ni Xi'an, mtaa wa Waislamu nyuma ya Mnara wa Ngoma. Huitwa guantang baozi, vya ng'ombe au kondoo, vikubwa kidogo na ngozi nene kuliko vya Shanghai. Mzigo ukikupitisha huko, shuka.

Nitajuaje kikapu ni kizuri kabla sijaonja? Mjini kwetu migahawa mitatu inauza, bei zinapishana sana.
*Msomaji, Nairobi*

Tazama kikapu kikiwa wazi. Kifuko kizuri kimelegea: kimekaa kama mfuko wenye maji, mabega yameanguka, kitako kimetanuka. Kikisimama wima kama andazi, supu haimo au unga ni mnene. Kinyanyue, supu ikishuka chini, ngozi itanesa na utaona kivuli chake. Fundo uling'ate: likiwa na unga mkavu katikati, mikono ya mpishi ni mizito.

Tandiko la chini liwe karatasi yenye matundu, kitambaa chenye unyevu au jani la kabichi. Mbao tupu hunata. Kimoja kikipasuka kati ya vinane si neno. Vitatu vikipasuka, ama vilikaa mvukeni kupita kiasi ama vililetwa vikachelewa, na una haki ya kumwita mhudumu kabla hujavigusa.

Dalili tunayoiamini kuliko zote ni muda. Uagize, uone vinafika baada ya dakika mbili? Vilikuwa vimekaa. Vifuko vibichi huhitaji dakika sita hadi nane za mvuke mkali, na kabla ya hapo foleni ya vikapu. Ndiyo maana tunashauri watu wawili waagize kikapu kimoja, wakimaliza nusu ndipo waagize cha pili. Meza iliyojaa vikapu vinne kwa mpigo inapendeza kwenye picha, lakini viwili vya mwisho vitaliwa vimepoa, supu imeshaingia kwenye unga na ngozi imekauka juu.

Ninaweza kubeba nyumbani? Na vile vilivyogandishwa vya supamaketi vinafaa?
*Baba Neema, Minneapolis*

Vya kubeba, hapana. Dakika ishirini kwenye boksi vinashikana, unavitenganisha vikiwa matambara. Kwenye mgahawa huo huo beba jiaozi (vifuko visivyo na supu) za kukaanga au wali.

Vilivyogandishwa vinafaa kuliko watu wanavyodhani, ukifuata jambo moja: usiviyeyushe. Vikiyeyuka mezani, jeli inalowesha unga kutoka ndani na vinapasuka hata kabla ya moto. Maji yachemke kabisa kwanza. Tandika majani ya kabichi au vipande vyembamba vya karoti, kimoja chini ya kila kifuko, acha nafasi ya kidole kati yao kwa sababu vitatanuka, funika, dakika 10 hadi 12. Usifunue kuchungulia. Kifuniko cha chuma kifunge kitambaa cha jikoni, la sivyo matone yatadondokea na kutoboa ngozi. Zima, subiri nusu dakika, peleka mezani na tandiko lake lile lile.

Niliagiza vifuko vya supu Shanghai nikaletewa vilivyokaangwa chini, vina ufuta juu. Nilikosea?
*Msomaji, Zanzibar*

Hukukosea, uliletewa shengjian, ndugu yake mkubwa. Huyu hukaangwa kwenye karai bapa la chuma, kisha hutiwa maji na kufunikwa aive kwa mvuke huku kitako kikikauka. Unga wake ni mnene kiasi na kitako kinalia kinapong'atwa. Ni hatari kuliko xiaolongbao kwa sababu ngozi yake ni ngumu: ukiking'ata kwa nguvu, supu inaruka mbele, ikamkuta aliyekaa mkabala nawe. Toboa juu, pembeni mwa ufuta, huku kikiwa kimeelekea kwako. Vinne vinamshibisha mtu mzima.

Niko Doha, kazini tumechanganyika na Wanepali. Kila Ijumaa wananialika momo. Nazipenda, ila nataka kujua ninachokula.
*Dada wa Mombasa, Doha*

Unakula chakula kinachouzwa kila kona ya Kathmandu, dada. Kwao hujazwa kuku, mboga, au nyama ya nyati wa kufugwa, ambayo huitwa "buff" kwa kifupi. Hapo Doha mara nyingi utapata ya kuku. Nyama huchanganywa na kitunguu kingi, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na bizari, na maji yanayotoka ndani ni ya vitunguu na mafuta ya nyama, hakuna jeli. Kwa hiyo hakuna haja ya kijiko wala kutoboa. Unazitia nzima, ila ya kwanza ipulize.

Roho ya momo iko kwenye kitoweleo, nao wanakiita achar. Ndiyo, ni neno lile lile la achari yako ya Mombasa, limepita njia nyingine. Yao ni nyanya zilizochomwa, ufuta uliokaangwa na kusagwa, pilipili, na punje iitwayo timur inayotia ganzi midomoni. Ganzi hiyo isikutishe, ni tabia ya punje, inaisha kwa dakika chache. Waombe siku moja wakupikie "jhol", ambapo achari hufanywa nyepesi kama mchuzi na momo huogelea humo. Huko supu iko nje ya kifuko. Na "kothey" ni zilizokaangwa upande mmoja.

Kwenye mgahawa wa Kivietinamu nililetewa bakuli la pho, supu yao ya tambi, na sahani ya majani, limau, pilipili, chupa mbili za sosi. Nilimwaga vyote. Jirani yangu alinikodolea macho.
*Msomaji, Kampala*

Jirani alisikitikia supu. Imechemshwa saa nyingi kwa mifupa ya ng'ombe, tangawizi na kitunguu vilivyochomwa, mdalasini na anise ya nyota, nawe umeifanya yote iwe na ladha ya chupa. Onja kwanza vijiko viwili. Kisha kamulia robo ya limau, onja tena. Chana majani ya rehani kwa mkono, usitie na vikonyo vyake. Yale machipukizi meupe ni ya choroko, hizo hizo za nyumbani. Yatie mwanzo yalainike, au mwisho ukipenda yalie menoni. Sosi nyekundu na ile nyeusi tamu zimimine kwenye kisahani, uchovye nyama.

Ukiagiza "tái", nyama huja mbichi, imekatwa nyembamba, na supu ndiyo inayoiivisha. Izamishe papo hapo. Supu ikiwa vuguvugu, irudishe, hapo usione haya. Mjamzito aagize "chín", iliyoiva.

Kwenye barua ile ile umeuliza pia supu ya ramen, tambi za Kijapani, ni ya mnyama gani: tonkotsu ni mifupa ya nguruwe kwa jina lake. Shoyu na shio ni majina ya kitoweleo tu, soya na chumvi, hayakuambii supu ni ya mnyama gani, na kipande cha nyama juu kwa kawaida ni nguruwe. Tambi zake zinaharibika ndani ya dakika kumi, kwa hiyo kula kwanza, zungumza baadaye. Kuvuta kwa sauti kunaruhusiwa, kunapoza.

Mwanangu ana mzio wa karanga. Tuepuke nini?
*Mama Salma, Birmingham*

Satay, pad thai, kari ya massaman, kuku wa kung pao, na tambi za dan dan: zote zina karanga wazi au zilizosagwa ndani ya sosi. Kuondoa karanga za juu hakutoshi, sufuria na kijiko vimeshazigusa. Nenda na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya mpishi, impite mhudumu ifike jikoni, na kama mzio wake ni ule wa kufunga pumzi msile kabisa kwenye jiko linalokaangia karanga. Xiaolongbao yenyewe kwa kawaida haina karanga, ila mafuta ya ufuta yamo. Kwa aliye na mzio wa ngano, sosi ya soya nayo ina ngano, wengi hawajui.

Vijiti vimenishinda. Ni aibu kuomba uma?
*Msomaji, Arusha*

Si aibu hata kidogo. Aibu ni kuvichomeka wima kwenye wali, kwa sababu China na Japani hivyo ndivyo wali unavyowekwa kwa ajili ya marehemu. Japani pia usipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Hufanywa hivyo na mifupa baada ya kuchoma maiti. Sushi huliwa hata kwa mkono. Na ukiwa Hong Kong au Guangzhou kwenye chai ya asubuhi, mtu akikumiminia chai gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante. Birika likiisha, acha kifuniko kikae upande, mhudumu ataelewa.

Chai ya Taiwan yenye punje nyeusi: punje ni nini, na mbona nikiiweka friji zinakuwa kama mawe?
*Kijana wa Dodoma*

Muhogo, ndugu yetu. Wanga wa muhogo na sukari ya kahawia, umefinyangwa na kuchemshwa. Kinywaji chenyewe kilizuka Taiwan miaka ya 1980, na nyumba mbili, moja ya Taichung na moja ya Tainan, ziligombea miaka mingi nani alianza. Wanga uliopikwa ukipoa sana unajikaza upya, kama ugali wa jana, ndiyo maana friji inaziua. Zinywe ndani ya saa mbili tatu. Ukiulizwa kiwango cha sukari, 30 kwa mia inatosha, kwa sababu punje zenyewe zimelala kwenye shira. Mtoto mdogo asipewe na ule mrija mpana. Punje moja ikivutwa kwa nguvu inaweza kwenda njia ya pumzi.